Jiwe Katikati ya Kahawa

Kuketi kimya nilijifunza vitani. Nilikuwa nimelazwa hospitalini huko Seloni, kisiwa cha karibu na India, mguu umefungwa bendeji, na mtawa mmoja mzee wa Kibudha alikuwa akitutembelea sisi askari Waafrika. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alinifundisha kukaa wima na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka. Hasira ikija, alisema, itambue kuwa ni hasira, usiikumbatie. Unachokishikilia ndicho kinachokuumiza. Niliporudi Mbozi mizinga ilikuwa bado inalia kichwani mwangu, na pumzi ile ndiyo iliyonirudishia usingizi.

Mke wangu alikuwa amenisubiri na jembe mkononi. Pori nililorithi kwa baba alilifyeka, akapanda kahawa, mashimo yote kachimba mwenyewe. Kila asubuhi niliketi juu ya jiwe katikati ya mibuni ile. Sisi ni watu wa kanisa. Kwetu mtu akisali, husikika. Kwa hiyo, mbali na mke wangu, siri yangu nilimwambia mtu mmoja tu, kaka yangu. Hakucheka. Alikuja akaketi nami msimu mzima, nikamnyoosha mgongo kwa mikono yangu.

Kahawa ilipoanza kuzaa, kaka akanishtaki kwa mwene, mtawala wetu.

"Mwene, ardhi ile ni ya marehemu baba. Mdogo wangu amerudi na pepo wa ng'ambo. Anakaa kwenye kahawa macho kafumba, jina la Yesu halitaji. Tumwachie mtu wa namna hiyo shamba la ukoo?"

"Nawe unasemaje?" mwene akaniuliza.

Hasira ilinipanda. Ningeweza kusema kwamba yeye naye aliketi. Ningeweza kusema kwamba kahawa ile ni jasho la mke wangu. Badala yake nilifanya nilivyofundishwa, au nilivyodhani nimefundishwa: nikafumba macho, nikaifuata pumzi.

"Mnamwona?" kaka akapaza sauti. "Hata hapa!"

Watu waliokusanyika walicheka, kisha wakaingiwa na hofu. Shamba likaenda kwa kaka.

Njiani mke wangu hakulia. "Baba watoto, yule mzee wako alikwambia uachilie vitu vyako, au vyangu?"

Mtawa hakunifundisha kunyamaza mbele ya uongo. Hilo niliongeza mwenyewe, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi na kulifanana na hekima.

Msimu wa kuchuma ulipofika, tulikuwa tukienda kisimani asubuhi tukamwona kaka. Ameketi juu ya jiwe langu, mgongo wima kama nilivyomnyoosha, mikono mapajani, kahawa imeiva pande zote. Hapo ndipo moyo ulipokatika. Hakuwahi kuamini kwamba nina pepo. Alijua nilichompa ni kizuri, akakitumia kuninyang'anya, na bado anakitumia.

"Tazama," mke wangu akasema, "mwenzako anavuta pumzi kwenye kahawa yangu. Nenda basi. Au na leo huna mdomo?"

Nikatua ndoo, nikaingia shambani. "Kaka!"

Alifumbua jicho moja, akalifumba tena. "Ngoja nimalize, mdogo wangu."

Nami nikangoja. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amekwisha kujitwika ndoo yake, ameshika njia peke yake.