Neno la Kumi

Harufu ya maganda ya vitunguu yakichemka ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yetu. Kila Ijumaa alasiri, kwenye ua wetu mtaani Hewa Bora, Lubumbashi, Papa alipanga mayai ndani ya sufuria, akayafunika kwa maganda makavu ya vitunguu na machicha ya kahawa, akamimina maji na mafuta kidogo, kisha akaitua sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kabla jua halijazama. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchochea wala kuzima. Mayai yalijipika taratibu kwa makaa yaliyokuwa yakifa, na Jumamosi asubuhi tuliyakuta yamegeuka rangi ya udongo wa Katanga hadi ndani, yana ladha ya moshi na utamu ambao sijaupata kwingine. Nami nimetafuta. Tangu nimalize sekondari sijakaa mahali miaka mitatu mfululizo. Nimeuza vitambaa Ndola, viatu Lusaka, vyombo Mbeya, na mpaka wa Mokambo naujua kuliko mlango wa nyumba yoyote niliyowahi kupanga. Lakini nikipita penye maganda ya vitunguu yanayochemka, miguu yangu husimama yenyewe, na ninakuwa tena msichana wa miaka kumi anayesubiri baba yake ahesabiwe.

Papa aliitwa Isaka, fundi wa vyerehani. Mama yake, nkambo yetu, alikuwa mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara Myahudi kutoka kisiwa cha Rodo, mmoja wa wale waliokuja kuuza vitambaa zamani mji ulipoitwa Élisabethville. Alipika, akafua, akazaa. Mtoto alikuwa wa mwenye nyumba, na kila aliyemtazama Papa macho yake ya kijani alilijua hilo bila kuambiwa. Halafu mfanyabiashara akaleta mke kutoka kwao, na nkambo akahamishiwa mtaani na mtoto wake mgongoni. Wazungu wa kila dini waliacha watoto namna hiyo katika mji huu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Jambo la kushangaza ni alilolifanya nkambo. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, na kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Basi alimlea Papa kwa kila kitu alichokiona katika nyumba ile: mishumaa ya Ijumaa, mayai ya Sabato, nguruwe marufuku. Alimwambia kwamba watu wa baba yake walichaguliwa na Mungu, na kwamba siku moja watamwita. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Papa alikua akisubiri kuitwa.

Kusubiri kwake hakukuwa kwa mdomo tu. Mama yangu, Mkatoliki wa Kongolo, binti wa mtu wa reli, alikaanga vinkubala, wale viwavi ambao mtu wa Lubumbashi akiwakosa hujiona yatima, na Papa aligeuza uso akala bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo. Kambale hakumgusa kwa sababu hana magamba. Jumamosi hakufungua karakana, ingawa ndiyo siku ambayo washonaji walimhitaji zaidi, na wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Asubuhi hiyo alivaa koti lake la kijivu, akanishika mkono, nasi tukaenda kwa miguu hadi katikati ya mji, kwa sababu Sabato haipandi gari. Katika msimu wa baridi vumbi lilitufikia magotini. Karibu na sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi, alisimama, akapangusa viatu vyake, kisha vyangu. Nyuma ya kona tulikuta magari ya waumini wenzake yameegeshwa mahali ambapo hayangeonekana mlangoni. Papa hakuyatazama kamwe. Alikuwa na adabu ya mtu aliyealikwa, ingawa hakuna aliyekuwa amemwalika.

Ndani, wanaume walikaa chini na wanawake juu kwenye baraza la mbao. Huko juu alikuwako mwanamke mmoja tu, Mama Rebeka, mjane mzee mwenye mikono iliyonukia sabuni. Alizaliwa Lubumbashi na alisema Kiswahili cha mjini kama sisi sote. "Kuya apa, mutoto wa Isaka," aliniambia siku ya kwanza, "ikala karibu na miye. Miaka mingi hii benchi ni yangu peke yangu, inaanza kufikiri niko bibi yake." Yeye ndiye aliyenieleza kilichokuwa kikitendeka chini. Sala nyingine haziwezi kusomwa mpaka wapatikane wanaume kumi, na Wayahudi wa mji walikuwa wameondoka, jamaa baada ya jamaa. Tena watu hawahesabiwi kwa namba kama mbuzi. Mzee mmoja alisimama akamnyooshea kila mwanaume kidole huku akisema mstari wa Zaburi wenye maneno kumi kwa Kiebrania: uwaokoe watu wako, uubariki urithi wako, uwachunge, uwachukue hata milele. Kila mtu alipata neno lake. Msimu ule wanaume walikuwa tisa. Kidole kilipita benchi kwa benchi, kikafika nyuma alikosimama Papa amenyooka, koti limefungwa vifungo vyote, kikamruka. Neno la kumi, lile la milele, lilibaki kinywani mwa mzee. Kisha waliketi na kusubiri mtu aingie mlangoni, wakati mtu alikuwa amesimama ndani.

Nilimuuliza Mama Rebeka kwa nini. Hakunificha. Kwao, alisema, mtoto ni wa mama, na mama yake Isaka hakuwa wao. Nilipoyapeleka maneno hayo nyumbani, jirani yetu Mama Chanda, Mbemba aliyetoka upande wa Mokambo, alicheka mpaka akaweka chini beseni lake. "Kumbe bale Bayuda ni Babemba! Kwetu pia mutoto ni wa mama! Nkambo yako angeniuliza miye, ningemwambia!" Mama hakucheka. Alisema, "Isaka, banakuruka kila Sabato kama shimo la barabara. Mungu alichagua, bantu banakataa." Papa alijibu kwa upole ulioniuma kuliko hasira: "Sheria haina kosa. Kuko mulango. Muntu anaweza kuingia, rabi akikubali. Albert aliniahidi."

Monsieur Albert alikuwa mtoto wa yule mfanyabiashara kwa mke wa ndoa. Alirithi duka la vitambaa, na Papa ndiye aliyemtengenezea vyerehani vya karakana yake nyuma ya duka. Nilikuwapo siku ya ahadi, nimekaa juu ya robota la vitenge. Albert alifunga mlango wa mbele kwanza. Kisha alimwekea Papa mkono begani akasema, "Isaka, papa wetu alikosa. Rabi akikuya toka Ulaya, miye njo nitasimama. Nitasema uko ndugu yangu." Papa alirudi nyumbani akipiga mluzi, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya. Usiku alijifunza kusoma sala kwa sauti ya chini. Mchana alizirudia huku akitia mafuta vyerehani. Subira huvuta heri, alimwambia Mama, na Mama akamshonea koti jipya.

Miezi ile ya kusubiri Mama Rebeka alinifundisha kitu ambacho nimekibeba kuvuka mipaka yote. Nilimuuliza Mungu aliwachagua kwa sababu gani, kama walikuwa wazuri kuliko wengine. Alicheka. "Bantu banadanganyikaka, banasema Mungu alitupenda kupita bengine. Shiye tulikuwa kidogo kupita bote. Bazee banasema Mungu alizunguka na Sheria yake kama muuzaji wa mlango kwa mlango. Taifa moja linauliza, imeandikwa nini? Usiue. Ah, basi, pita. Lingine: usiibe. Pita, papa, pita! Alipofika kwetu tulisema tutafanya, hata mbele ya kusikia. Basi akatubebesha. Kuchaguliwa ni kazi, mutoto. Nabii alisema wazi, Mungu akikujua weye, atakuuliza weye mbele ya bengine." Nilitazama chini, kwa Papa aliyetembea kwa miguu, aliyekosa wateja, aliyewakataa vinkubala. "Sasa Papa," nikasema, "kazi yote anafanya. Njo nani alimuchagua?" Mama Rebeka alifungua mkoba wake, akatoa yai la kahawia lililofungwa katika leso, akanipa.

Rabi mgeni alikuja jakaranda zilipokuwa zinamwaga maua ya zambarau barabarani, mvua haijaanza. Alikuwa mtu mwenye macho yaliyochoka na sauti laini, aliyesema Kifaransa polepole. Baada ya sala Papa alikwenda mbele na koti lake jipya, akasema anachotaka. Rabi alimsikiliza hadi mwisho. Alimwomba asome, na Papa akasoma. Nikamwona mzee wa kuhesabu akifuatisha kwa midomo. Rabi akasema njia ni ndefu lakini mlango upo, na kwamba yeye ataianza safari hiyo pamoja naye ikiwa mmoja tu wa watu hawa atasimama amjibie, kwa maana yeye ni mpita njia na hamjui. Aliuliza, "Nani anamjua mtu huyu?"

Sote tulimtazama Albert. Alikuwa ameinamia kitabu chake. Mama yake, mjane wa yule mfanyabiashara, alikuwa bado hai huko Ubelgiji, picha ya baba yake ilining'inia dukani, na labda aliona kwamba neno moja lingeiangusha ile picha. Sijui. Rabi akamgeukia yeye hasa: "Wewe, bwana, unamjua?" Albert akainua uso, akatazama mahali fulani kati ya Papa na ukuta. "Ndiyo," akasema. "Ananitengenezea vyerehani."

Juu kwenye baraza Mama Rebeka alizipiga mbao kwa kiganja. "Albert! Sema! Bote hapa tunajua!" Lakini walio chini waliinamia vitabu vyao, na nadhani wengi wao pia walikuwa na watoto mitaani, au ndugu kama Papa. Rabi alimshika Papa mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akamwambia amwandikie. Tulirudi kwa miguu juu ya maua yaliyokanyagwa. Nyumbani Mama aliyasoma yote usoni mwetu. Alimvua Papa lile koti, akalikunja, na akimkumbuka Petro aliyemkana Yesu akasema tu, "Hata jogoo hakuwika." Kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya Krismasi Albert alikuwa amefunga duka na kuhamia Ubelgiji. Hakuaga. Vyerehani vyake viwili Papa alikuwa bado hajamaliza kuvitengeneza, navyo vilikaa kwenye karakana yetu miaka yote, vimefunikwa kwa kitambaa, kama maiti ambazo ndugu hawajaja kuzichukua.

Papa hakumwandikia rabi. Hakurudi tena kusimama nyuma. Lakini Ijumaa mayai yaliingia sufuriani kama kawaida, na Jumamosi karakana ilifungwa, mpaka alipofariki. Alizikwa katika makaburi ya wote, kwa sala za Mama, kwa sababu hapakuwa na watu wa kumsomea zake. Mama Rebeka alikuwa ametangulia. Nilisimama miguuni pa kaburi la Papa nikawanyooshea kidole waombolezaji kimoyomoyo, fundi kwa fundi, jirani kwa jirani, nikisema ule mstari. Neno la kumi nikamwachia yeye.

Mwaka huu nilikuwa Ndola simu iliponipata kutoka namba ya Ubelgiji. Sauti ilikuwa ya mzee, lakini Kiswahili kilikuwa kilekile cha mjini, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. "Ni miye, Albert. Weye njo mutoto wa Isaka? Nasikia makaburi yetu inaota majani. Hakuna tena muntu wetu kule. Weye njo umebakia. Uniangalilie ya papa wangu." Papa wangu, alisema. Dukani, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa papa wetu. Nilitaka kukata simu. Badala yake nilivuka Mokambo siku iliyofuata. Hiyo ndiyo kazi, nadhani; haimuulizi mtu kama yuko tayari, wala haimpi jina.

Majani yalikuwa yameota kweli kwenye makaburi mengine. Kwenye lile la mfanyabiashara hayakupata pa kuota. Juu ya bamba lake palikuwa na mawe, safu baada ya safu, madogo, yenye michirizi ya kijani ya shaba, yale ya kuokotwa njiani kati ya Hewa Bora na mji. Wayahudi huweka jiwe, si maua. Mama Rebeka alinieleza. Yaliyoanguka kando ya bamba yalikuwa yamezama udongoni kwa ukongwe. Nilijua mkono uliozipanga safu zile, kwa maana ndivyo alivyopanga mayai. Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wahenga. Huyu alikuwa na mwana, na mwana akambebea mawe maisha yake yote. Nilipiga picha, kisha nikachukua jiwe moja nikalipeleka upande wa pili wa mji, kwa Papa. Nikamtumia Albert ile picha.

Jibu lilikuja upesi. "Mungu akubariki. Ni nani aliweka mawe yote haya?"

Nikaandika neno moja: "Mwanawe."

Simu inaonyesha amelisoma. Nimesharudi Ndola, nikaenda Lusaka, nikarudi tena. Hajajibu.