Nati za Upande wa Kushoto

Kibanda cha Mabruki pale Ng'ambo, mjini Tabora, kimekaa kimya tangu mwaka ule wa Operesheni Vijiji. Zamani ungesikia nyundo yake ikigonga nati za magurudumu: iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Sasa kuku hulala humo.

Alikuwa fundi wa malori ya zamani. Kwa malori yale, nati za upande wa kulia hukazwa kuelekea kulia, za kushoto kuelekea kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizifungue. Kila dereva wa Tabora alilijua hilo mikononi, hakuhitaji kufikiri.

Siku moja aliletewa lori kuukuu la Bedford lililokatika bolti za gurudumu la nyuma, kushoto. Kesho yake lilitakiwa kuwarudisha Ziba watu wasio na kazi mjini, wakaanze kijiji kipya. Dukani kwa Akbar zilibaki bolti za upande wa kulia tu. Mabruki akazigongea, akafunga nati, akamwonya dereva Lukumani: "Za gurudumu hili ni kinyume. Ukikaza kama ulivyozoea, unafungua."

"Umenipa gari la kichawi, fundi," Lukumani alicheka, lakini alielewa.

Asubuhi Batuli, mke wa Mabruki, alipanda lori hilo kumsindikiza mama yake mzazi, aliyekuwa miongoni mwa wanaorudishwa. Jua lilikuwa limeshapanda Lukumani alipotokea kibandani, amejifunga shuka, anatetemeka.

"Hukuondoka?"

"Homa, ndugu yangu. Wamempa Tobias gari."

"Ulimwambia habari ya nati?"

"Homa imenisahaulisha."

Mabruki alidandia baiskeli. Tobias hakuwa mzembe, na hilo ndilo lililomtisha. Dereva mzembe asingegusa gurudumu. Tobias angesimama pale wapagazi wa misafara ya zamani walipokuwa wakitua mizigo, kama madereva wote wanaoshika njia ya Nzega, angetoa spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Kisha angewapakia tena watu na kwenda.

Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu. Kila alipoona kitu cheusi mbele alidhani ni lori limelala ubavu. Mara kisiki, mara ng'ombe. Alijikuta akisikiliza vilio, na kimya kilimtisha zaidi.

Alilikuta limesimama wima. Abiria walikuwa majanini wakila viazi. Tobias amechuchumaa kushoto, spana mkononi.

"Haa, shemeji! Hata siku moja huwezi kukaa bila mke?" Wanawake wakacheka. "Tazama, zilikuwa zimeuma kweli, sasa zinazunguka laini, bado kidogo zitakaza."

Mabruki alishuka kwenye baiskeli. Alimsukuma, akagusa nati ya kwanza. Ikamdondokea kiganjani. Ya pili aliifungua kwa vidole tu. Kicheko kikakatika. Batuli alimwona mumewe akikaa mavumbini.

Alizikaza zote upya, akatupa baiskeli juu ya mizigo, akapanda. Njiani alilisimamisha gari kila mara, akashuka kushika nati kwa mkono. Walipofika Ziba, Tobias alimwita warudi wote mjini. Mabruki alitikisa kichwa. Batuli hakumlazimisha, akabaki naye.

Yuko Ziba mpaka leo. Anafuga mbuzi, hajashika spana tena, na mnadani huenda kwa miguu.