Balimunyanganya Tata Mukate filimbi, avenue yote ikafikiri kuna kilio

Ilianza juzi, samedi, saa kumi na mbili kamili ya asubui.

Jambo yenu, bakubwa. Mi si mutu wa kusema mbele ya batu. Hata ku masomo, mwalimu akiniuliza kitu natazama chini. Lakini hapa hamuoni uso yangu, na hii kitu inaniunguza roho. Sitaongeza hata neno moja.

Naishi Kapata, mu zile nyumba za kampuni za mustari. Kwetu mukate inakuja mulangoni. Kuna mzee anaibeba mu kapu nyuma ya velo, baiskeli yake, ya moto kutoka bulangeri kule banaioka, imefunikwa na kitambaa. Jina yake ya kweli siijui. Tunamuita Tata Mukate.

Anapiga filimbi mwanzo wa avenue. Moja tu, murefu.

Nikiwa mudogo nilikuwa natoka mbio na nguo ya kulala, mama nyuma: "We mutoto, vaa bilato ku miguu kwanza!" Nikifika ndani, upande moja ya mukate nimekwisha kuumega njiani.

Leo kuna mukate ya supermarshe, ya mu sashi ya plastiki. Ukiifinya inarudi kama sifongo. Tuache.

Kitu kimoja mujue. Kama kuna kilio mu avenue, Tata Mukate hapigi filimbi. Anashuka, anasukuma velo polepole, anaacha mukate mbele ya nyumba ya bafiwa, anaenda. Hakuna aliyemutuma.

Basi, samedi. Kuna mupangaji mupya, musie mumoja, bwana wa kazi ya usiku, mwenye jipe, gari ya kampuni. Akatoka na singleti, akavuta filimbi mu kinywa ya ule mzee.

"Batu banalala! Hapa ni soko?"

"Pardon, patron. Ni mukate tu."

"Basi uza kimya!"

Mzee wa umri wa baba yake! Na shefu wa avenue, mukubwa wa kutuongoza, alikuwa pale. Akacheka. "Tata, hizo ni bitu bya zamani. Leo batu bana telefone." Shefu akapokea filimbi kwa musie, akaiweka mu mufuko yake, akaenda. Batu bote tulikuwa ku milango. Hakuna aliyefungua kinywa.

Kesho yake, dimanche, Tata Mukate akapita bila filimbi. Avenue yetu ina mashimo, akashuka, akasukuma velo.

Mama Kapinga, jirani wa mbele yetu, akamuona ku dirisha. Akafunga kitenge ku kiuno, akatoka tayari analia. "Mama yangu eee! Nani amekufa?" Bamama bengine bakatoka, mumoja na kiti ya kukalia ku kilio, mwengine na makaa ya kupikia bafiwa!

"Tata, ni kwa nani?"

"Hakuna kilio, mama. Balininyanganya filimbi."

Mungefikiri batacheka. Hapana. Mama Kapinga aliona haya, na haya ikageuka hasira. "Basi unatuitia kifo? Usipite tena huku na ile mutembeo ya kilio!"

"Asipite!" bengine bakaitika.

Hakuna aliyenunua. Kapu ikarudi imejaa, na ile kapu ndiyo inalisha bajukuu yake.

Nilikasirika sana. Mwenye kunyanganya analala vizuri. Shefu ana filimbi mu mufuko. Anayefukuzwa ni ule mwenye kutuheshimu siku za kilio!

Nimejifunza hivi: munyonge akinyanganywa kitu na batu bakanyamaza, kesho banamuazibu yeye kwa kukosa ile kitu.

Kwenu iko namna gani? Kuna mutu bado analeta mukate mulangoni, ao balimumaliza? Andikeni. Na kama mi ndiye nilikosa kwa hii ya leo asubui, munikanye bila kunificha.

Leo, lundi, nilimukuta mwanzo wa avenue. Amesimama, mukono ku velo, anaogopa kuingia.

"Tata, twende."

Nikatangulia mbele. "Mukate!" Sauti ikatoka kidogo sana. Nikarudilia: "Mukate ya moto!" Tulipofika kwa musie, rido, pazia ya dirisha, ikasogea. Akachungulia.

Nikasimama pale pale mbele ya dirisha yake, nikamutazama mu macho, nikaita tena.