Marehemu Aliyewaandikia Wateja Wetu

Mume wangu amelala kaburini Tlawi, mwaka wa tano huu.

Jumatatu moja ya Kwaresima, asubuhi, aliwaandikia wateja wetu wote.

"Mbegu ya vitunguu saumu imefika. Tanguliza malipo kwa namba hii, uwekewe mzigo wako mapema."

Picha ni yake, na lile koti alilovaa kwenye harusi ya binti yetu Letisia. Jina lake, Bonaventura Margwe. Namba iliyoandika ni ya duka; ya kulipia hatuijui.

Nilijua kwa Mzee Hhando wa Hirbadaw. Alishatuma hela, akapiga simu yangu kuuliza gari litapita lini. Akacheka. "Margwe ni mtu kweli. Hata huko aliko bado ananifikiria mimi na mbegu."

Mimi sikucheka. Simu ya duka ilikuwa inanitaka nijiandikishe WhatsApp upya, kama mgeni.

Tumepigwa.

Duka letu la pembejeo liko Dongobesh. Marehemu alipougua, tulimwingiza Mwamvita, mke wa Hatibu anayeuza mitumba sokoni. Oda za simu alizijibu yeye. Kwa mikono yake duka lilifika mpaka Hanang.

Mwezi mmoja nyuma alikuwa ametoka semina ya wafanyabiashara wadogo, Mbulu mjini. Alirudi na maneno mapya. Duka lipange mambo ya simu zake kama linavyopanga mbegu kabla ya mvua. Tuweke namba ya siri ya pili. Laini itoke kwenye jina la marehemu, na picha yake tuiondoe. Alisema simu isiyo na komeo la pili ni ghala lililoegeshwa mlango tu.

Nikamwambia, "Ukimtoa pale, unamzika mara ya pili."

Hakurudia tena.

Sasa wizi umetokea, akili yangu ikakimbilia wapi? Kwake. Nani mwingine alishika simu ile? Nani alihangaika na namba za siri?

Mimi si mtu wa kelele. Nilimwomba ufunguo wa duka mbele ya wateja, nikamwambia apumzike kwanza. Kwenye sala za jumuiya yetu ya kanisa nikaomba tuliombee duka "lililoingiliwa na mtu wa ndani."

Jina sikutaja. Dongobesh nzima ikalijua.

Huko sokoni watu wakawa wanamuuliza Hatibu kama mkewe ameshanunua bati kwa hela za wateja.

Ikafika misa ya kumbukumbu ya marehemu. Nilikaa benchi la mbele, nangoja jina lake lisomwe kwenye nia, yale majina ya wanaoombewa. Zikasomwa zote. Yeye hayumo.

Nje nikamshika katekista Onesphory. Mbona mmemruka mume wangu, na kijana wa parokia alinipigia mwenyewe?

"Kijana gani, mama?"

"Aliyeniomba zile namba, za kuthibitisha nia."

Akasema parokia haijawahi kumpigia mtu simu kwa nia ya misa. Unakuja ofisini, unaandikwa, basi.

Ndipo nikaelewa.

Kila mwaka naweka tangazo la misa kwenye status ya duka. Picha, jina kamili, tarehe aliyofariki, parokia, "tumwombee." Hata wateja Waislamu huniandikia pole. Na mwaka huu niliweka.

Jumamosi ya kabla ya wizi, tukifunga duka, ikaita simu. Sauti ya upole. "Tumsifu Yesu Kristo, mama." Akamtaja marehemu, tarehe, parokia, vyote sahihi. Akasema kuna ujumbe umeingia una namba, nimsomee ili nia iingie kwenye kompyuta.

Nikamsomea, machozi yananitoka. Simu nikaifungia dukani, nikaenda zangu.

Kumbe namba zile zilikuwa ufunguo wa WhatsApp ya duka. Yaani niliingizwa mjini nikiwa Dongobesh, na njia niliionyesha kwa sala yangu mwenyewe.

Toka kanisani nilinyoosha kwa Mwamvita. Alikuwa anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi. Nikamweleza yote. Hakushtuka.

"Nilikuwepo, mama. Nilikuwa nafagia, nikakusikia unasoma. Jumatatu ndiyo nikaelewa. Nikaja nikwambie, ukaniomba ufunguo."

"Kwa nini hukujitetea?"

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba umemkabidhi marehemu Baba kwa mwizi huku unamwombea?" Akapeta mchele kidogo. "Nilingoja uniulize. Hukuniuliza."

Nilimwomba msamaha, nikatoa ufunguo. Akausukuma kwa kiganja chenye vumbi la mchele.

"Nimekusamehe. Huo baki nao."

Mzee Hhando na wenzake niliwapa mbegu zao. Kwenye jumuiya nilisimama, nikamtaja Mwamvita kwa jina, safari hii kumsafisha. Lakini neno likishatoka halirudi lote.

Tulipoirudisha WhatsApp ya duka, komeo la pili alikuja kuniwekea yeye. Nilipokuwa naandika namba yangu ya siri, aligeuza uso ukutani. "Usimwonyeshe mtu. Hata mimi." Halafu akavuka barabara kwenda kwenye kibanda chake kipya cha mbegu, kinachotazamana na mlango wangu. Kila asubuhi ananipa shikamoo kutoka ng'ambo. Kila asubuhi naitikia, na roho inaniuma.

Wenye maduka wenzangu, wekeni komeo la pili. Namba ikiingia kwenye simu yako usimsomee mtu, hata akianza na Tumsifu.

Na ukiibiwa, aliye karibu yako muulize kwanza, kabla hujamwombea.