Kijiji Kisichokuwa na Shida

Nikiulizwa harusini nafanya kazi gani, nasema serikalini, basi. Nikisema napanga maendeleo ya uchumi wa vijijini, mazungumzo yanakufa pale pale. Mama yangu ndiye mbaya zaidi. Yeye huwaambia mashoga zake, mimi nikiwapo, "Huyu kazi yake kwenda mashamba kuwauliza watu wanataka nini, kisha anarudi Maskati kuandika kwa nini hawatopata." Wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nimekaa na sambusa yangu mkononi, nimenuna.

Mwaka ule nilipewa upande wa Quriyat. Kwa ramani ni Maskati hiyo hiyo, lakini ukishavuka milima unakuta mitende, mbuzi, mashua zimepandishwa mchangani, na vijiji ambavyo vijana wake wamehamia fleti za Hail au viwanda vya Rusayl. Tulikuwa tunatengeneza mpango wa uchumi wa wilaya nzima, na kila kijiji kilikuwa na haki ya kuingiza jambo moja. Moja tu, lakini la kwao wenyewe.

Mkurugenzi wangu ni mtu mpole. Akikasirika huvua miwani akaisafisha. Sharti lake lilikuwa hili: jambo hilo wenyeji waliseme kwa midomo yao, mbele yake au mbele ya kikao, si sisi tuwafikirie ofisini. Alikuwa na sababu. Kabla yake alikuwapo bwana mmoja aliyewapenda watalii kuliko watu wake, akajenga soko la kazi za mikono katika kijiji ambacho hakuna aliyeliomba. Soko lina matao, lina taa, lina hata vyoo. Leo wanaolitumia ni mbuzi, na tuseme haki, wanalitumia vizuri.

Basi nikaenda. Mzee wa kijiji nilichopangiwa ana majlisi ndefu ya kupokelea wageni, yenye mazulia mekundu, na nilipofika wanaume walikuwa wameshakaa kuuzunguka ukuta wakinisubiri. Mimi nikakaa karibu na mlango wa ndani, alipokaa mke wa mzee, bi mkubwa mmoja mnene, mtulivu, mikono kajaza hina. Tukaamkiana. Wakaniuliza khabari, nikasema hakuna khabari ila za kheri. Nikawauliza wao, wakasema hakuna khabari ila za kheri. Ikaja tende, ikaja kahawa, ikaja halwa, ikaja kahawa tena. Nikafungua kompyuta yangu nikatoa ile sauti ya ofisi, kwa Kiarabu.

"Wazee wangu, nimekuja kuwasikiliza. Kijiji kina shida gani?"

Wakatazamana. Mzee akatabasamu kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Shida? Alhamdulillahi, mwanangu. Hatuna shida."

"Maji?"

"Alhamdulillahi."

"Barabara?"

"Nzuri mno." Barabara hiyo nzuri mno ilikuwa imenipasulia tairi asubuhi ile ile.

"Vijana wanapata kazi?"

"Wote wanafanya kazi, Mungu awabariki." Wanafanya, ndiyo. Rusayl.

"Na samaki?"

"Bahari imejaa. Mgeni mbona hanywi?"

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na mimi, mtoto wa Maskati, nilichelewa kulielewa. Nilikuwa mgeni. Na mgeni kwa watu wale haambiwi shida. Ukimwambia maji hayatoki, umeshamtia uchungu kwa kila glasi unayompa. Ukimwambia paa linavuja, atalala vipi chini yake? Tena mgeni mwenyewe mwanamke, kaja peke yake, mtoto wa watu. Wangekufa kwanza.

Mara ya pili nikajitia ujanja. Nikasema kijiji cha jirani kimeomba soko la tende. Mzee akainua mikono: "Mungu awape na zaidi." Wote wakaitikia amini, kwa moyo safi kabisa, bila chembe ya wivu. Nilitamani wivu siku ile jamani, hata kidogo tu.

Mara ya tatu nikaenda bila kuwaarifu, nikidhani hivyo sitakuwa mgeni. Wakachinja mbuzi. Nilimwona yule mbuzi anapitishwa nje ya dirisha, akanigeuzia uso, nikamwambia moyoni, nisamehe ndugu yangu, ni mpango wa uchumi.

Siku hiyo ndiyo bi mkubwa aliponivuta jikoni, nikamsaidie kupakua wali. Tulipokuwa peke yetu akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, wala si kibovu, "We mtoto, mbona unajitesa namna hii?"

Mwiko nusura uniponyoke. Alikuwa ameshaitambua lafudhi yetu sisi wa nyumba zilizotoka Unguja. Kumbe amelelewa Tabora, babake alikuwa na duka kule, na alikuja Omani msichana mkubwa, akaolewa kijijini hapo. Mumewe hajui Kiswahili ila "karibu" na "haraka". Kwa hiyo bi mkubwa alizungumza nami kwa sauti ya kawaida kabisa, mzee yuko upande wa pili wa pazia, akidhani tunaulizana mapishi.

"Tunataka barafu," akasema. "Hicho tu. Magari yenye barafu yanatoka Maskati. Yakija, wenye magari ndio wanaosema bei ya samaki. Yasipokuja, samaki wanaharibika, tunawatia chumvi tunawaanika, tupende tusipende. Tungekuwa na kiwanda kidogo cha barafu hapa hapa, mwanangu angerudi."

Mwanawe, wa pekee, ni fundi wa mashine za kupozea katika ghala moja la Rusayl. Mke na watoto amewapangia fleti Hail. Anakuja Ijumaa, analala nusu ya siku kwa uchovu, jioni anaondoka. Ameshasema mara nyingi kwamba kiwanda kikipatikana, yeye ndiye atakayekiendesha, na siku hiyo hiyo anafunga virago. "Wajukuu zangu wanaogopa mbuzi," bi mkubwa akasema. "Mbuzi! Watoto wa hapa!" Alisema kwa kucheka, lakini kijiko alikuwa amekishika kwa nguvu, na macho hayakucheka.

"Basi toka ukaseme pale majlisini!" nikamwambia.

"Niseme mbele ya mgeni, mume wangu kakaa? We umelelewa wapi?"

"Basi nikusemee mimi."

"Thubutu. Umtie aibu mzee wangu kwa maneno niliyokupa jikoni?"

Nilirudi nimefura. Nilimkasirikia mzee, nikaikasirikia adabu yake, nikaikasirikia na barabara nzuri mno. Ningekuwa sikumpenda yule mama ingekuwa nafuu, lakini nilimpenda, na nilitaka mwanawe arudi kama vile ni kaka yangu mwenyewe. Gari lote linanuka papa mkavu, maana sijawahi kuondoka pale mikono mitupu.

Mkurugenzi akaniuliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema niongeze kahawa."

Akavua miwani. "Kijiji kisicho na shida hakiingii. Mwisho wa mwezi tunafunga."

Nilipofika nyumbani Hail nikamweleza mama yangu, nikitumaini atanionea huruma. Yeye alikuwa anamkagua yule papa kwenye mwangaza wa dirisha. "Papa mzuri," akasema. Kisha akakunja uso. "Hebu ngoja. Mara ngapi umekula kwa watu hawa?"

"Tatu."

"Na wao wamekula kwako mara ngapi?"

"Mama, ile ni kazi."

"Kazi gani ya kula mbuzi wa watu? Lo! Watasema hao waliotoka Unguja hawana adabu. Waalike waje. Mimi nnaona haya, wallahi, hata huyu papa siwezi kumkata."

Mama yangu alikuwa anafikiria sifa ya nyumba yake, hana habari na barafu. Lakini mimi nikasimama pale jikoni mdomo wazi. Kwao, mgeni alikuwa mimi. Wakija Hail, wageni ni wao. Mwenyeji hawezi kumlilia mgeni, lakini hakuna sheria inayomkataza mgeni kuomba. Nikampigia mkurugenzi nikamwalika pia, nikamwambia chakula hicho tutakihesabu kuwa kikao. Akauliza kama patakuwa na biriani. Nikasema patakuwa.

Mama alipika kama anayetaka kulipiza kisasi. Biriani ya nguru, pilau, mkate wa kumimina, katlesi, maandazi, na juu yake akaagiza halwa, kwa kuogopa wasije wakasema haikuwapo. Mzee na bi mkubwa wakaja mchana, mzee kavaa kilemba kipya, mkononi kabeba katoni ya papa mwingine. Mkurugenzi akaja na mkewe. Baba yetu hayupo duniani, kwa hiyo mkurugenzi ndiye akawa mkubwa wa kikao, na mama yangu mkubwa wa kila kitu kilichobaki.

Mambo yalianza vizuri. Mama na bi mkubwa waligunduana kwa Kiswahili wakaanza kutaniana kabla ya viatu kuvuliwa. Mama anamwambia Kiswahili chake cha bara kinatembea na magunia, bi mkubwa anajibu kwamba cha Unguja hakijawahi kubeba kitu. Tukala. Mzee akasifu kila sahani. Nilipoona ameshiba, nikamchokoza taratibu.

"Mzee wangu, leo nyinyi ndio wageni. Kama kuna jambo mnalihitaji kwetu, mkurugenzi huyu hapa."

Mzee akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, tumekula, tumefurahi, tumeonana nyuso. Mtu ataomba nini zaidi? Sisi hatujakuja kuomba, tumekuja kuwashukuru."

Nikamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi. Miwani ikavuliwa. Zile sahani zote, wale nguru wote, na mzee bado ametushinda kwa adabu.

Mama akaleta dele la kahawa akamimina. Mzee akanywa. Mkurugenzi na mkewe wakanywa. Bi mkubwa akaipokea finjani yake kwa mkono wa kulia, akaitazama, kisha akainama akaiweka juu ya zulia mbele yake. Hakuionja. Mikono yake yenye hina akailaza mapajani.

Mama yangu akaona. "Shoga, imepoa?"

Bi mkubwa akamtazama mkurugenzi.

"Hiliki imezidi? Sema tu, nnakubadilishia sasa hivi." Na mama akainama kuiondoa ile finjani.

"Usiiguse!" Mkurugenzi alisema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo ofisini hata siku moja. Mama akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Mama alikulia Unguja, hakujua. Huku, mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, maana yake ana haja, na hatoinywa mpaka apate jibu. Wanaume wakienda kuposa hufanya hivyo. Wakienda kusuluhisha ugomvi mkubwa hufanya hivyo. Mwanamke wa makamo yale, nyumbani kwa watu, mumewe kakaa ubavuni, sijaona wala sijasikia. Mzee aligeuka kumtazama mkewe, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

Mkurugenzi akakaa sawasawa. "Mama, haja yako ni nini?"

"Mwanangu," akasema bi mkubwa, kwa Kiarabu, wazi, kila mtu asikie. "Nataka mwanangu arudi nyumbani. Tupeni kiwanda cha barafu, atarudi. Samaki tunao. Fundi tunaye, nimemzaa mimi. Barafu ndiyo hatuna."

Mama yangu, ambaye Kiarabu cha haraka humpita, alinifinya paja nimfasirie, nami nikamshika mkono asubiri.

"Kunywa, mama," akasema mkurugenzi. "Limeingia. Nitaliandika kwa mkono wangu."

Bi mkubwa akaiokota finjani akanywa mpaka mwisho. Kidogo ikamwagikia kanga ambayo mama alikuwa amemtandikia magotini.

Tukamgeukia mzee, kila mtu anaogopa kwa namna yake. Nilidhani atasimama. Nilidhani ataomba radhi kwa niaba ya nyumba yake yote, kisha arudi kijijini asinitazame tena usoni. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kilemba chake.

"Watahitaji chumba," akasema hatimaye. "Ana watoto sasa. Chumba chake ni kidogo."

"Hicho hakimo katika mpango, mzee wangu," mkurugenzi akasema taratibu.

"Najua. Nasema tu." Akakohoa kusafisha koo. Kisha akamgeukia mkewe, akasema kama kwamba sisi wengine hatumo chumbani. "Mimi alfajiri bado nampigia mlango nimwamshe akasali. Nagonga, halafu ndio nakumbuka."

"Sikujua," akasema bi mkubwa.

"Unakuwa umelala," akasema mzee.