Mtu wa Chuma na Kanga Iliyolowa

Mama amefika kwangu na mvua, na harufu ya kanga yake iliyolowa imenirudisha utotoni Bulyaga, kwenye banda la video la mianzi. Babu alikuwa amekaa ndani, na kwa sisi Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Basi mama alisimama nje mvuani, nami nikabana mdomo kwenye upenyo wa ukuta, nikamsimulia mkanda mzima, wa mtu wa chuma aliyetoka angani.

“Yule mtu wa chuma ameishia wapi?” aliniuliza nilipomaliza.

“Amerudi kwao, mama.”

Leo tumezitazama filamu zote tatu za huyo mtu wa chuma, ile ya bandani ikiwa ya mwisho. Mwishoni anabaki peke yake angani, anazimika taratibu.

“Uliniambia alirudi kwao,” anasema mama.

“Ulikuwa umeshalowa, mama. Sikutaka kukuongezea machozi.”