Kasoro za Bango la Lynnette

Nyamvula alijifundisha mwenyewe kubuni mabango, kwa video za mtandaoni, chumbani kwake Mtopanga. Alitengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, lebo za chupa za asali. Akimaliza humwonyesha mamake, naye mama hujibu, "Limependeza, mwanangu." Wateja nao husema, "Sawa." Hakuna aliyemwambia la zaidi, na miaka ikapita kazi zake zikiwa zile zile.

Kisha Lynnette, jirani aliyehamia kutoka Nakuru, akamwomba amfundishe. Akamfundisha. Haukupita mwaka, bango la Lynnette likatundikwa kwenye saluni mpya ya Utange, watu wakawa wanasimama kulipiga picha. Nyamvula akipita pale hugeuza shingo upande wa pili. Roho ilimuuma kama kidonda kilichokamuliwa ndimu.

Siku moja Lynnette alituma bango la kwaya kwenye kundi la WhatsApp la wabunifu wa Kisauni. "Naomba mnikosoe," aliandika. Sifa zikamiminika. Nyamvula alishinda na bango lile mchana kutwa akilitafutia kasoro, kwa bidii ambayo kazi zake mwenyewe hazikuwahi kuipata. Akaandika: "Rangi zinagombana. Tarehe imefichwa. Mwimbaji anatazama nje ya bango, na macho ya msomaji yanamfuata huko huko." Akatuma mbele ya wote, akangoja kuona mwenzake akiaibika.

Simu ikalia. "Asante sana, Nyamvula," Lynnette alisema. "Hawa wengine wananisifu tu. Nimerekebisha, hebu cheki."

Bango lilikuwa zuri maradufu. Nyamvula alitamani kuitupa simu.

"Sasa nitumie yako. Lakini usikasirike nikisema ukweli."

Alisita, kisha akatuma kadi ya harusi aliyokuwa akiimalizia, aliyoipenda kuliko zote.

"Maua ni mengi mpaka jina la bibi harusi limepotea," Lynnette alisema alipoifungua. "Unaogopa nafasi tupu."

Ilikuwa kweli, na kilichomchoma ni kuisikia kinywani mwa mwanafunzi wake. Aliyafuta maua moja moja, akisaga meno. Mteja alipoipokea kadi aliitazama sana, kisha akauliza, "Hii umeibuni wewe?"

Tangu hapo wawili hao hutumiana kazi. Juzi Lynnette alipata kazi ya kuibunia hoteli mabango huko Nyali. Nyamvula alimpongeza kwa sauti kavu, akamwambia alete mchoro auone, akavuta kiti karibu na dirisha, penye mwanga wa kuukagulia.